Sura ya Sita: Pointi Iliyowekwa Dirma

Kapteni Wolfgang Tluway hakuitikia shikamoo. Inspekta Scola Haule aliitoa kama ilivyompasa, maana rubani yule alikuwa na umri wa baba yake mdogo, kisha akangoja. Watu waliosimama nje ya uzio wa kiwanja cha ndege cha Haydom waliona kwamba amenyimwa marahaba, na mmoja wao akacheka.

"Umesema una maswali machache," alisema rubani. "Yaulize, halafu uniachie ndege yangu. Kuna wagonjwa wanaingoja."

"Ndege ni ya shirika, Kapteni."

"Shirika liko Arusha. Huku anayeirusha ni mimi."

Ndege yenyewe, ndogo, ya injini moja, ilikuwa imefungwa kwa kamba pembeni mwa kiwanja, pua ikitazama upepo. Polisi walikuwa wameizuia tangu juzi. Kwa ajili hiyo mama ntilie wa pale getini alimwambia Scola asubuhi kwamba chai imekwisha, huku birika likifuka moshi mbele yake, na mtu ambaye hakuonekana alirusha bonge la udongo likapasukia kwenye boneti ya Land Rover ya polisi. Scola hakuuliza aliyelirusha. Alikuwa mtu wa Songea aliyepelekwa Babati mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, na alikwisha kuelewa kwamba katika kesi hii hakuna ambaye angemkaribisha kiti.

Kesi ilikuwa hivi. Muuguzi Marieta Baha aliondoka Haydom asubuhi na Kapteni Wolfgang kwenda kliniki ya Yaeda Chini, kama walivyofanya kila mwezi, kuchanja watoto na kupima wajawazito. Wananchi wa Yaeda waliwaona wote wawili wakipanda ndege kurudi mchana. Kesho yake alfajiri maiti ya Marieta ikaripotiwa Dirma, wilaya ya Hanang, kando ya kiwanja cha zamani kilichokuwa kikitumiwa na ndege za kunyunyizia dawa enzi mashamba ya ngano yalipokuwa ya serikali. Daktari aliyeichunguza aliandika kwamba alipigwa begani na kichwani kwa kitu kizito chenye makali.

Aliyeripoti alikuwa mkulima na mfugaji wa hapo hapo Dirma, mzee Bura Akonaay. Alikuwa na panga, shuka lake lilikuwa na damu, na mkononi alishika kisanduku baridi cha kubebea sampuli za wagonjwa. Polisi wakamweka mahabusu Katesh. Bura alisema hakumuua mtu, na kwamba aliona ndege ikiruka kutoka kwenye kile kiwanja cha zamani. Kapteni Wolfgang alipoulizwa alisema hajatua Dirma maisha yake yote. Alimshusha Marieta hapa Haydom, na Marieta alimwambia anakwenda Dirma kumsalimia shangazi yake. Siku ile ilikuwa ya mnada, kiwanjani hapakuwa na mtu wa kuthibitisha wala wa kukanusha. Lakini nani angemwacha Wolfgang, mtoto wa Mbulu aliyebeba nusu ya akina mama wa bonde lile wakiwa na uchungu, amsadiki mzee aliyejulikana kwa kugombana na shamba la ngano juu ya mipaka?

Scola alipopewa jalada alianza na gari. Kama Marieta alitoka Haydom kwenda Dirma, kuna chombo kilichompeleka. Aliwahoji makondakta, madereva wa malori ya vitunguu, wenye pikipiki. Alipoteza siku kadhaa kwa dereva mmoja wa pikapu ya shamba la ngano aliyeonekana karibu na kiwanja cha Dirma mchana ule, mpaka meneja wa shamba, Emilian, akaeleza kwa maandishi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye pikapu hiyo, akikagua uzio, na hakuona kitu. Hakuna aliyempakia Marieta. Shangazi naye alisema hakuwa na habari za ugeni wowote.

Kisha kulikuwa na kile kisanduku. Ndani mlikuwa na chupa za damu za wajawazito wa Yaeda. Scola alijiuliza swali rahisi: muuguzi ashuke Haydom, hospitali anaiona kwa macho, aipite na damu ya wagonjwa wake aende nayo kwa shangazi?

Swali hilo ndilo lililomrudisha kwenye ndege. Na kwenye ndege alimkuta fundi.

Fabiola Massawe alikuwa ametumwa na shirika kutoka Arusha kubadilisha stata, mota ya kuwashia injini. Ndege ilipogoma kuwaka siku iliyofuata safari ya Yaeda ndipo alipoitwa. Hakumpenda Scola na hakuficha. Alipoulizwa kama ameona jambo lolote lisilo la kawaida, alijibu kwamba yeye si mpelelezi. Anachokiona anakiandika kwenye taarifa zake za ufundi, na mwenye macho atasoma. Scola alisoma. Bapa moja la pangaboi la puani mwa ndege lilikuwa limepigwa tupa karibuni, kazi ya haraka, na mtu aliyeipiga hakuieleza popote. Scola akarudi kwake, wakazungumza faraghani, ndipo Fabiola akawasha kile kifaa cha GPS kilichokuwa kwenye dashibodi na kumwonyesha jambo la pili. Jana Scola alikwenda Dirma na GPS ya mkononi. Leo alimwita rubani.

"Tupande," alisema Scola.

"Kwani maswali hayaulizwi chini?"

"Nataka unifundishe kitu."

Wolfgang alipanda upande wake wa kushoto. Scola aliketi kulia. Fabiola aliketi nyuma karibu na mlango wa mizigo, kwa sababu, alisema, kifaa cha shirika hakiguswi bila fundi kuwepo. Alikuwa ameunganisha betri ya nje, injini ikiwa imezimwa. Wolfgang alimtazama kwa chuki, kisha akauliza kama Polisi siku hizi inaajiri na mafundi.

"Mimi nakaa kwenye kiti changu, Kapteni," alijibu Fabiola.

Scola aliomba aonyeshwe jinsi rubani anavyopanga safari kwenye kifaa kile. Wolfgang akamuuliza kama ametoka Babati kuja kusomea urubani. Scola akamjibu kwamba ametoka Babati kuja kuelewa, na kwamba akishindwa kueleweshwa hapa watakwenda kueleweshana huko.

Rubani akakiwasha. Alifundisha kama mwalimu aliyepewa darasa la watoto wagumu, kila sentensi akiisukuma. Kifaa kinaanza kwa kujipima chenyewe. Kinatafuta satelaiti. Kikizipata kinajua kiko wapi. Halafu unabonyeza kitufe hiki, unapata ukurasa wa mpango wa safari. Mpango si kitu cha ajabu: ni pointi zilizopangwa kwa mfuatano, na kifaa kinachora mstari kutoka moja hadi nyingine. Ukiruka kinakwambia uelekeo, umbali, na muda uliobaki. Ukiipita pointi moja kinahamia inayofuata chenyewe. Ukitaka kurudi ulikotoka unaugeuza mpango kichwa chini miguu juu, nao unasomeka kinyume. Ukitaka kuacha mpango wote na kwenda mahali pamoja, unabonyeza hiki chenye herufi D iliyochomwa mshale, unachagua mahali, unakwenda moja kwa moja.

"Pointi zenyewe zinatoka wapi?"

"Viwanja vikubwa vimo tayari. Arusha, Kilimanjaro, Dodoma. Hivi vya porini havimo. Unaweka mwenyewe."

"Kwa namna gani?"

"Namna mbili. Unasoma latitudo na longitudo kwenye ramani, unazichapa. Au ukiwa mahali penyewe unakiambia kihifadhi hapo ulipo, kinajichukulia tarakimu zake."

"Ipi ni sahihi zaidi?"

"Ya kuwa mahali penyewe. Ramani unakadiria kwa jicho." Alimgeukia. "Umeelewa, au nirudie?"

Scola alisema ameelewa. Akaomba kuona mipango iliyohifadhiwa. Wolfgang alizungusha kitufe, orodha ikatokea, kila mpango ukijulikana kwa pointi yake ya kwanza na ya mwisho. Ilikuwa michache. Wa chini kabisa uliandikwa YAEDA / HAYDM.

"Huu ndio uliotumia siku ya Marieta?"

"Ndio huo. Yaeda Haydom. Hata mtoto anasoma."

"Ufungue."

"Ni moja kwa moja. Hakuna cha kufungua."

"Ufungue, Kapteni."

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe bila kubonyeza. Nje ya uzio watu walikuwa wameongezeka, wengine wamepanda juu ya trela la trekta ili waone vizuri. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba mwacheni baba wa watu. Wolfgang aliwapungia mkono, wakapiga vigelegele, kisha akabonyeza.

Mistari ilikuwa mitatu. Ya juu YAEDA, ya chini HAYDM. Katikati iliandikwa DIRMA.

Hakushtuka, au hakuonyesha. Alieleza kwa utulivu kwamba ile ni pointi ya dharura. Rubani mwenye akili huweka kando ya njia yake mahali pa kutua injini ikimkatikia, na kiwanja cha Dirma kimo kwenye ramani kwa yeyote mwenye kujua kusoma ramani. Amekichapa kutoka humo. Lini? Zamani, miaka mingi, hakumbuki. Amewahi kutua pale? Alikwisha kusema hapana, na hajui ni lugha gani nyingine aitumie.

"Dirma iko mbele ya Haydom ukitokea Yaeda," alisema Scola. "Haiko kando ya njia. Unaipita hospitali ndipo unaifikia."

"Unanifundisha jiografia ya kwetu?"

"Nionyeshe tarakimu za YAEDA."

Akazionyesha. Latitudo iliishia na sufuri mbili, longitudo hivyo hivyo. Scola akaomba HAYDM, nazo ziliishia na sufuri. Akaomba DIRMA. Ilijaa tarakimu mpaka ya mwisho, hapakuwa na sufuri hata moja.

Scola alisema polepole, kwa sababu alitaka kila neno liingie. Pointi zile mbili zilichapwa na mtu aliyekuwa akisoma ramani, akakadiria kwa jicho na kumalizia na sufuri, kama alivyofundishwa hapa sasa hivi. Ya tatu haikusomwa kwenye ramani yoyote. Kifaa kilijichukulia tarakimu kikiwa mahali penyewe. Na jana alizifuata tarakimu hizo kwa miguu mpaka zikamfikisha mwisho wa kiwanja cha zamani cha Dirma, mahali ambapo ndege hugeuzia. Majani makavu ya pale yalikuwa bado yana madoa ya damu.

Wolfgang alisema sawa, aliwahi kutua Dirma. Mara moja, miaka ya nyuma, kabla ya kazi hii. Alisahau. Kusahau si kosa la jinai.

Scola aligeuza shingo nyuma.

Fabiola alizungumza akitazama dirishani. Alisema kifaa hiki kilikuwa Arusha mwezi huu huu, mezani kwake, kwa sababu kioo chake kilikuwa kikizima. Alipokitengeneza alifuta kumbukumbu yote, ikabaki tupu. Halafu alichapa upya pointi zote za shirika kutoka kwenye ramani, yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Dirma haikuwemo. Baada ya hapo ndege iliruka kuja Haydom, ikaenda Yaeda na Marieta, ikarudi, ikagoma kuwaka.

"Kwa hiyo umeiweka wewe," alisema Wolfgang. "Umekiri mbele ya polisi kwamba vidole vyako ndivyo vilivyochapa humu."

"Zile zenye sufuri, ndiyo. Hiyo isiyo na sufuri nimeikuta humu nilipokuja kubadilisha stata. Siku hizo mimi nilikuwa Arusha, na mashahidi ninao. Aliyekuwa na ndege ni wewe."

"Una kinyongo na mimi tangu nilipokuandikia ripoti."

"Ninacho," alisema Fabiola. "Hakijui kuhifadhi pointi."

Scola aliwanyamazisha wote wawili. Alisema picha za kurasa hizo zilikwisha kupigwa mbele ya shahidi, hivyo hakuna atakachoharibu. Anachotaka sasa ni kuona kazi yenyewe ikifanyika. Kapteni atengeneze mpango mwingine mtupu, aweke Yaeda, aweke Haydom, halafu achomeke Dirma katikati kama ilivyo kwenye ule wa kwanza.

Wolfgang aliguna. Alisema atafanya, ili aone jinsi kazi hiyo ilivyo ndogo, kazi ambayo mtu yeyote angeweza kuja kuifanya humu ndege ikiwa imepaki. Akainamia kifaa. Hakina vibonye vya herufi kama simu; kila herufi unaitafuta kwa kuzungusha kitufe, ukiipata unasogea, unazungusha tena. Alitafuta Y. Alitafuta A. Kitufe kilitoa sauti ndogo ya tiki, tiki, tiki. Alipitiliza herufi moja akarudi nyuma, akatukana kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, akaendelea. Uso wake ulikuwa karibu na kioo, kwa sababu mwanga wa nje ulikuwa mkali na maandishi yalikuwa madogo.

Nyuma yao mlango wa mizigo ulifunguliwa. Fabiola alishuka. Alipita chini ya bawa, akapita nje ya dirisha la Scola bila kumtazama, akaendelea mbele. Kule kwenye uzio watu walinyamaza, hawakujua wanaangalia nini. Wolfgang alikuwa amefika kwenye R ya Dirma. Hakuinua kichwa. Alipata M. Alipata A. Akathibitisha, mistari mitatu ikakaa sawa.

"Tayari," alisema, akainua uso.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya pangaboi, karibu kabisa, amewapa mgongo.

Mkono wa Wolfgang uliruka wenyewe. Ulishika kitasa chekundu kilichokuwa chini ya dashibodi, kile cha kukata mafuta ya injini, ukakivuta kwa nguvu mpaka mwisho wake. Mdomo wake ulikuwa wazi. Injini haikuwa ikiwaka. Pangaboi lilikuwa limesimama tuli, na mbele yake Fabiola alikuwa akijipangusa mikono kwa kitambaa.

Scola aliungoja ule mkono uachie kitasa. Haukuachia upesi.

"Ulikuwa unachapa," alisema. "Stata ilikuwa imeanza kusumbua. Ungezima injini Dirma huenda usingeiwasha tena, kwa hiyo uliiacha ikizunguka. Ukainama kuchapa. Yeye akashuka kwa mlango ule wa nyuma."

Alimpa onyo la kisheria neno kwa neno: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi. Wolfgang alimsikiliza huku akiwatazama watu wake kwenye uzio. Alipoanza kusema alisema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

Alisema Emilian, meneja wa shamba, alimwomba amzungushe kwa ndege juu ya mipaka aone ni nani na nani wamelima na kujenga ndani. Kazi ya muda mfupi. Shirika lisingejua. Walipotoka Yaeda alimwambia Marieta kwamba watapitia Dirma mara moja, yeye atashuka angoje kidogo, kisha watarudi naye Haydom. Marieta alikataa tangu wakiwa hewani. Alisema damu ya wagonjwa itaharibika kwa joto, na kwamba ndege ya wagonjwa haendi nayo mtu kuhesabu nyumba za watu ili zibomolewe. Nyumba ya shangazi yake ilikuwa mojawapo. Wakatua wanagombana. Pikapu ya Emilian ilikuwa ikija kwa mbali, mbele ya ndege. Wolfgang akahifadhi pointi, kwa sababu Emilian alitaka safari zaidi ya moja, na kuanzia hapo kila siku ya kliniki angepitia pale. Akaichomeka katikati ya mpango wa Yaeda na Haydom, mahali ambapo mtu wa shirika akitupia jicho orodha hataona kitu. Alikuwa ameinama hivyo hivyo. Marieta alishuka na kisanduku chake. Alikuwa anakwenda kumwambia Emilian usoni kwamba safari hakuna.

"Nilisikia kishindo," alisema. "Sikuona. Nilisikia tu."

Emilian aliteremka kwenye pikapu, akatazama, akarudi ndani ya gari. Alisema yeye hakuwepo pale, wala ndege haikuwepo. Akageuza. Wolfgang naye akaruka. Alipofika Haydom akatafuta tupa ya kufutia alama kwenye bapa.

Scola alimwambia kwamba kwa maelezo hayo kifo hicho kingeweza kuitwa ajali mpaka hapo. Rubani alidakia kwamba ndiyo, ajali, na kila mwenye akili ataiita ajali. Akaonyesha uzio kwa kidole. Akamuuliza kama anafikiri watu wale watamshukuru. Akamuuliza mwanamke wa Yaeda mwenye mtoto aliyelala vibaya tumboni atabebwa na nani masika yakija na njia zote kukatika, atabebwa na Inspekta?

"Mzee Bura yuko mahabusu kwa ajili yako," alisema Scola.

"Angetoka. Hawana ushahidi."

"Nina swali moja tu lililobaki. Ulishuka ukamtazama Marieta?"

"Nilishuka."

"Alikuwa anapumua?"

Wolfgang alianza kufungua mkanda wa kiti. Hakufika mwisho.

"Kapteni. Kutoka Dirma kuja hapa kwa ndege ni muda mfupi kuliko ule uliotumia kupiga tupa pangaboi. Uliruka ndege ikiwa tupu ukaja kutua mbele ya hospitali. Alikuwa anapumua?"

"Ningewaambia nini?" alisema. "Ningewaambia tulikuwa tunafanya nini Dirma?"

Aliposhushwa akiwa na pingu, watu walivunja uzio upande mmoja. Askari wawili waliokuja na Scola walimzungushia mikono, wakamsukuma ndani ya Land Rover, na mawe yakaanza kuja. Moja lilivunja taa. Jingine lilimpata Scola bega la kulia, akahisi ganzi mpaka vidoleni. Mwanamke mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge cha kanisa alimkaribia hadi usoni, akamwambia bila kupaza sauti kwamba Mungu atamlipa kwa siku hii. Fabiola alikuwa akifunga milango ya ndege. Hakuja kusaidia na hakuaga.

Kabla ya kuwasha gari Scola alipanda pale penye mtandao, juu ya kichuguu, akapiga simu Katesh waende wakamkamate Emilian shambani kabla habari hazijamfikia.

Mchana wa siku iliyofuata alikuwa mahabusu ya Katesh, amri ya kumwachia Bura ikiwa imesainiwa. Mzee alitolewa nje akiwa pekupeku, akasimama kwenye jua akikunja macho. Scola alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ambayo haikuwa na marahaba ndani yake. Scola alimweleza yote: ndege, rubani, meneja. Alimwambia serikali inasikitika. Bura aliuliza ng'ombe wake wamekuwa wakichungwa na nani siku zote hizi. Alidai viatu vyake vya matairi, vikatafutwa, vikapatikana kimoja.

"Mzee, kuna jambo moja sijaliandika," alisema Scola. "Ulipomkuta alikuwa hai?"

"Nilisema siku ya kwanza nimemkuta. Yule askari akaandika nimemkuta amekufa. Hakuniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Bura alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

Alisema alimkuta kwenye majani, amefumba macho lakini anasema. Alimfunga bega kwa shuka. Alimkatia matawi kwa panga akamwekea kivuli. Alitaka kumbeba mgongoni mpaka barabara kuu, hata kama ni mbali, huenda wangepata lori. Yule binti alimkataza. Alimwambia asimtikise, akae tu, akishike kile kisanduku kisipigwe na jua.

"Kwa nini alikukataza?"

"Alisema hakuna haja," alijibu Bura. "Alisema Kapteni ameruka kwenda kumletea daktari."

Akaegemea ukuta, akavaa kile kiatu kimoja.

"Basi tukakaa, tukawa tunasikiliza juu," alisema. "Mpaka jua likaingia."